Usingizi wa Talib Faki

Talib Faki aliendesha mabasi ya London kwa miaka ishirini na moja, na muda wote huo alichelewa kazini mara mbili tu, zote kwa sababu ya theluji. Ni mtu wa Wete, Pemba. Aliingia Uingereza mwaka 2001 pamoja na wengine waliokimbia vurugu za siasa kwao, akaanza kwa kuosha vyombo katika mkahawa wa Kiarabu Edgware Road, akasoma Kiingereza jioni, akafanya mtihani wa leseni ya basi, akaanguka, akaufanya tena. Mkewe, Ummukulthum, alimfuata mwaka uliofuata. Wakapata mtoto mmoja, Miska, wakahamia nyumba ya kupanga karibu na stesheni ya Rayners Lane, na wapo hapo hapo mpaka leo.

Kasoro yake moja ilikuwa kukoroma. Jirani yao Mgujarati wa upande wa pili wa ukuta aliwahi kumuuliza kwa adabu kama kuna mtu anayesukuma makabati usiku. Ummukulthum, ambaye hupika katika shule moja ya msingi na huamka saa kumi na moja, alivumilia miaka kumi na zaidi. Mwishowe Talib mwenyewe akamwambia, "Nenda kalale chumba cha nyuma, Mama Miska. Na wewe una kazi asubuhi." Akahama. Hapakuwa na ugomvi wala neno. Watu wazima wengi wanaishi hivyo.

Novemba 2023 alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Siku hiyo alikuwa na zamu ya alfajiri, kwa hiyo alisali isha, akala kidogo, akalala saa tatu usiku. Simu yake ilipangwa iite saa tisa na robo.

Iliita. Ummukulthum aliisikia kutoka chumba cha nyuma, akangoja izimwe. Haikuzimwa. Iliita, ikanyamaza, ikaanza tena. Alipiga ukuta kwa kiganja. "Talib! Zima hiyo simu, mtoto amelala!" Ikaendelea. Akaondoka kitandani kwa hasira, akafungua mlango wa mumewe, akawasha taa.

Talib alikuwa macho. Alikuwa amelala ubavu, mkono wa kulia umeanguka nje ya kitanda, na simu ikiita sakafuni karibu kabisa na vidole vyake. Baadaye alieleza kwamba alipoamka alidhani ameulalia mkono ukafa ganzi, akangoja uamke. Kisha akajaribu kukaa, mguu nao ukakataa. Alijaribu kumwita mkewe. Kilichotoka hakikuwa neno.

Gari la wagonjwa lilifika haraka. Hospitali walimpiga picha ya ubongo, na daktari mmoja kijana akamkalisha Ummukulthum kwenye kiti, akamuuliza swali ambalo mama huyo hajalisahau.

"Mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tatu usiku."

"Katikati ya usiku hukusikia chochote? Hukumwona akigeuka, au akienda msalani?"

Akasema hapana. Daktari akaandika. Akamweleza kwamba ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu, lakini ina saa zake, na kwa picha walizoziona kiharusi kilikuwa kimeshapita saa hizo. Watamtibu kwa njia nyingine. Ummukulthum aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia daktari kwamba walikuwa wakilala vyumba viwili. Hakumwambia mtu.

Wiki ya pili ulimi wa Talib ulianza kurudi, mzito lakini unaeleweka. Mguu nao ulipata nguvu kidogo kidogo. Kilichowashangaza watu wa wodini ni kwamba mgonjwa huyu alisinzia wakati wote. Alisinzia kijiko kikiwa mdomoni. Alisinzia daktari akimweleza dawa zake. Alipopelekwa chumba cha mazoezi alikuwa anashika vyuma viwili vya kusimamia, anapiga hatua tatu, macho yanajifumba. Kwenye karatasi zake mtu akaandika kwamba mgonjwa hana ari ya mazoezi. Miska aliisoma, akamtafsiria mama yake, na mama akaona aibu kama yeye ndiye aliyeandikwa. Talib hana ari! Mtu aliyekuwa akitoka nyumbani saa tisa na nusu usiku, mvua ikinyesha, miaka ishirini na moja!

Msaidizi wa mazoezi alikuwa Mkenya wa Kisii, Zipporah, mwanamke mpana mwenye sauti ya kwaya. Ndiye pekee aliyezungumza naye Kiswahili.

"Mzee, leo tutasimama ama tutalala?"

"Tu... tutasimama," Talib alijibu, na alikuwa amesinzia kabla hajalimaliza neno.

Siku moja Zipporah alimvuta Ummukulthum pembeni, karibu na mashine ya kahawa. "Mama, mimi si daktari. Lakini nimefanya hii kazi miaka kumi na minne, na mtu mvivu namjua. Huyu mzee si mvivu. Anataka, halafu kitu kinamzima. Hebu uliza juu ya usingizi wake wa usiku. Nyumbani alikuwa analala aje?"

"Alikuwa anakoroma tu," Ummukulthum alisema.

"Anakoroma, ama anakoroma halafu ananyamaza?"

 Ummukulthum alikuwa na miaka tisa hajalala karibu naye.

Talib aliruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya mwaka mpya. Kitanda kiliteremshwa sebuleni kwa kuwa ngazi zilikuwa bado zinamshinda, na Ummukulthum akatandika godoro lake chini, kando ya kitanda.  

Hapo ndipo alipogundua jambo jingine, ambalo hospitali hakuna aliyelijua: mumewe alikuwa anaogopa kulala. Ilipofika saa nne usiku alianza kutafuta visababu. Mara anataka chai, mara anataka habari za dunia, mara televisheni isizimwe, mpira unarudiwa. Alikaa ameegemea mito mitatu, shingo imenyooka kama yuko kwenye usukani. Akipitiwa, anashtuka, anaunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anautazama, anauweka chini. Halafu mchana anasinzia kila anapokaa.

Marafiki zake wa Edgware Road walikuja kumchukua kwa gari Jumamosi moja, wampeleke kwenye mkahawa walipozoea kukutana. Walimwekea kiti cha kona, wakamwagizia kahawa ya tangawizi. Mazungumzo yalikuwa ya uchaguzi, kitu ambacho zamani Talib angekipigania mpaka watu wa meza za pili wageuke. Aliinamisha kichwa, akalala, na kikombe kikamwagikia mapajani. Watu wazima watatu walimfuta suruali kwa karatasi za mezani, kila mmoja akisema si kitu, si kitu. Wiki iliyofuata walipopiga simu, alimwambia Ummukulthum awajibu kwamba yuko kwenye mazoezi.

Dada yake mkubwa, Bi Mwanabaraka, aliyeko Wete, alisema kwa simu kwamba hilo ni jinamizi, na kwamba lilimkaba tangu usiku ule wa kwanza. Atafutiwe mtu amsomee. Ummukulthum alimtafuta shekhe wa msikiti wa karibu, akaja akamsomea, wakanywa chai. Wiki hiyo hiyo aliomba miadi kwa daktari wa zahanati ya mtaa. Hakuona kwamba moja linazuia jingine.

Siku tatu kabla ya miadi, usiku, Talib alizidiwa na uchovu, akalala kweli. Ummukulthum alikuwa macho kwenye godoro lake. Mumewe alikoroma kama zamani, kwa sauti inayopanda na kupanda, kisha ikakatika. Kimya. Kifua kilikuwa kinahangaika, kinapanda na kushuka, lakini hewa haiingii wala haitoki. Ummukulthum akaanza kuhesabu bila kukusudia. Alifika ishirini na sita ndipo Talib alipovuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyechomoza kutoka chini ya maji, akageuza kichwa, akaanza kukoroma upya. Baada ya dakika mbili ikakatika tena. Ummukulthum akapanda ngazi kumwamsha Miska.

Miska alikuwa mwaka wa pili chuoni. Anakielewa Kiswahili chote, hata mafumbo ya shangazi zake, lakini hujibu kwa Kiingereza. Alisimama gizani na nguo za kulalia, akasikiliza, akasema kwa Kiingereza chake kwamba wasimwamshe, warekodi kwanza. Wakaweka simu kwenye mkono wa kochi. Mama na binti walikaa sakafuni bega kwa bega dakika ishirini nzima, wakisikiliza baba akifa na kufufuka. Miska alilia kimya kimya. Mama yake hakulia, alikuwa anahesabu.

Daktari wa zahanati alisikiliza dakika mbili tu za ile sauti, akasema inatosha. Akaandika barua. Ikapita miezi miwili ya kungoja, kisha kliniki ya usingizi ikawapa kifaa cha kwenda nacho nyumbani: mkanda wa kifua, kimrija cha puani, kibanio cha kidoleni chenye taa nyekundu. Usiku mmoja. Majibu yalisema kwamba Talib alikuwa anakatika pumzi mara thelathini na nane kila saa.

Mtaalamu wa kliniki aliwaeleza taratibu. Koo linalegea usingizini na kuziba njia ya hewa, ubongo unashtuka, unamwamsha mtu kwa nukta moja ambayo yeye mwenyewe haikumbuki asubuhi. Ikiwa hivyo mara thelathini na nane kwa saa, mtu huyo hajalala, hata awe kitandani kwa saa kumi. Ni jambo la kawaida sana kwa watu waliopata kiharusi. Kwa wengine lilikuwepo kabla, na linapandisha presha.

"Kwa hiyo ndilo lililomletea?" Ummukulthum aliuliza.

Mtaalamu alisema hawezi kuapa. Presha ilikuwa juu, sukari nayo ilikuwa inakaribia kuwa ugonjwa. Huenda lilichangia.

Wakapewa mashine. Ni kisanduku kidogo kama redio, chenye mpira mrefu na barakoa ya kufunika pua, inayosukuma hewa ili koo lisizibe. Talib aliitazama kama mtu aliyeletewa nguo ya mtu mwingine. Aliipokea, akashukuru.

Kila asubuhi Ummukulthum alimuuliza, "Umelala nayo?"

"Nimelala nayo."

"Usiku mzima?"

"Alhamdulillahi."

Alikuwa amerudi kulala chumba cha nyuma wakati huo, kwa sababu mashine ilinguruma kidogo na kwa sababu Talib mwenyewe alisisitiza. Lakini mume alikuwa anasinzia vile vile. Baada ya mwezi mmoja kliniki ikapiga simu, na Miska akaiweka kwa sauti ili wote wasikie. Mashine ina kumbukumbu, mama aliyepiga alisema kwa upole, na kumbukumbu zinafika kwao zenyewe. Kwa wastani Bwana Faki ameivaa dakika arobaini na moja kwa usiku. Je, kuna tatizo wanaloweza kusaidia?

Simu ilipokatwa, Miska alipanda juu. Ummukulthum alibaki amesimama.

"Dakika arobaini na moja, Talib."

Talib akaitazama mashine.

"Kila siku unaniangalia usoni unanambia alhamdulillahi. Mie ninakwenda kazini na moyo mweupe, nawaambia watu mume wangu sasa analala. Umenifanya mtoto mdogo?"

"Inanibana."

"Kila kitu kinabana! Viatu vinabana!"

"Ummu." Hakuwa na kawaida ya kumwita jina. "Ile siku... simu ilikuwa inaita. Naiona. Iko pale pale. Siwezi kuifikia. Nakusikia unagonga ukuta. Siwezi kukwambia. Sasa hii kitu ina mikanda minne, na kifungo chake kiko kisogoni, kinataka mikono miwili. Mimi nina mmoja. Nikiivaa siwezi kuivua. Nikitapika? Nikiamka upande wa pili nao umekwenda? Naivaa, naona nimerudi pale pale kitandani, nasikia simu inaita."

Ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi aliyosema kwa mpigo mmoja tangu Novemba. Yalimchukua muda mrefu, na alijifuta mate mara mbili.

Ummukulthum alikaa kitandani, kando yake. Alichosema yeye nacho kilikuwa kimekaa ndani miezi saba.

"Ningekuwa nimelala na wewe ningesikia. Yule daktari aliniuliza kama sikusikia kitu. Dawa ilikuwepo, Talib. Mie nilikuwa chumba cha nyuma."

"Mimi ndiye niliyekwambia uhame."

"Nilihama kwa furaha."

Talib akacheka, ule mcheko wake mpya wa upande mmoja. "Na ungesikia nini? Kiharusi hakipigi hodi. Ungelala tu, umechoka na masufuria ya watu."

"Huenda."

"Huenda," alikubali.

Jioni ile Ummukulthum alitoa kikapu chake cha kushonea. Aliikata mikanda ya barakoa mahali pa kifungo, akashona vipande vya velkro, ile inayonasana kwenye viatu vya watoto, na mwisho wa mkanda akaweka kitanzi cha utepe mweusi kilichobaki kwenye buibui lake, kikubwa cha kuingia vidole viwili. Kitanzi kilikaa upande wa kushoto, chini ya sikio. Talib akivuta mara moja, barakoa nzima inamtoka usoni. Alimvisha, akamwambia avute. Akavuta. Akamvisha tena. Akavuta. Walifanya hivyo mara kumi na tano hivi mpaka Miska akachungulia kuuliza wanacheza mchezo gani.

Kliniki walipooneshwa, kwanza waliguna, kisha wakatoa barakoa nyingine yenye sumaku badala ya kifungo, lakini waliacha kitanzi cha Ummukulthum kibaki. Wakamshauri pia aizoee mchana, ameketi, akiangalia mpira, dakika kumi, kisha ishirini. Mechi nzima ya kwanza aliyoiangalia na barakoa usoni timu yake ilifungwa mabao matatu, na hakuivua hata alipotaka kutukana.

Ummukulthum akarudisha godoro lake sebuleni. Walipoweza kumpandisha ngazi, wakarudi wote wawili chumba cha mbele walichokuwa wakilala zamani. Mngurumo wa mashine Ummukulthum aliuzoea kwa siku nne.

Mambo hayakunyooka kwa mkupuo. Wiki ya kwanza saa mbili kwa usiku, mwezi wa pili saa nne, kisha zikatulia kwenye tano na nusu, sita. Asubuhi ya kwanza aliyoamka bila kichwa kuuma alidhani kuna kitu kimekosekana, akakaa kitandani akikitafuta. Alianza kumaliza mazoezi yake. Zipporah alikuwa sasa anawaona wagonjwa wa nje, na siku Talib alipotembea urefu wa ukumbi na fimbo, bila kupumzika, alimpigia makofi peke yake mpaka watu wakageuka. "Nani alisema huyu mzee hana ari? Aje aniambie mimi!" Karatasi yenyewe ilikuwa bado kwenye faili. Hakuna aliyeifuta.

Mkono wa kulia haukurudi wote. Unashika mkate, haushiki funguo. Leseni ya basi ilizuiwa mwaka mzima kwa mujibu wa sheria, na mwaka ulipokwisha angeweza kuomba apimwe upya. Alikaa na fomu siku mbili, akazungumza na mkewe, akaamua asiombe. Alisema mtu mwenye abiria themanini nyuma yake lazima awe na hakika na usingizi wake, na yeye hana hakika ya kiasi hicho. Siku aliyorudisha sare, wenzake gerejini walimpikia biriani. Siku hiyo alilia, na hakujificha.

Mpaka leo huamka saa tisa usiku hata bila simu. Daktari amemwambia asipambane nako. Anavuta kitanzi, anasali rakaa mbili, anarudi kitandani, anaivaa tena. Siku nyingine usingizi unarudi, siku nyingine anamsikiliza Ummukulthum akipumua mpaka alfajiri.

Mwaka jana walikwenda Pemba, mara ya kwanza baada ya miaka sita. Miska alimtafutia betri kubwa ya mashine kwa sababu ya umeme kukatika, na barua ya daktari kwa ajili ya watu wa uwanja wa ndege, ambao waliifungua mashine, wakaitazama, wakaifunga. Wete walifikia kwa Bi Mwanabaraka. Wajukuu wa nyumba ile walimkuta Talib usiku wa kwanza na barakoa usoni, wakakimbia. Usiku wa pili wakaja na wenzao kutazama.

Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, Bi Mwanabaraka alijinyoosha kwenye mkeka barazani. Ana miaka sabini, mnene, na husema hajaumwa tangu alipozaliwa. Alianza kukoroma, na watoto wakacheka. Talib alikuwa kwenye kiti, akimenya chungwa kwa mkono mmoja. Sauti ikapanda, ikakatika. Akaweka chungwa chini. Pumzi iliporudi, alimtazama mkewe, naye alikuwa ameshaacha kuchambua mchele.

"Ngapi?" Talib aliuliza.

"Kumi na tisa."

Wakangoja. Ikakatika tena.

Bi Mwanabaraka alipoamka alimkuta mdogo wake amekaa chini mkekani, jambo ambalo si rahisi kwake.

"Dada, kesho tunakwenda hospitali. Upimwe presha."

"Presha ya nini? Mie mzima."

"Mimi pia nilikuwa mzima."

"Lile lako lilikuwa jinamizi, Talib, nilikwambia."

"Haya, jinamizi. Tukalipime."

Alikataa jioni ile, akakataa asubuhi, na saa nne akavaa buibui huku akilalamika kwamba anapotezewa siku. Presha yake ilikuwa mia moja tisini na tano juu ya mia moja na kumi. Mashine kama ya Talib haikupatikana pale. Walimpa vidonge, wakamwambia apunguze chumvi, alale ubavu, arudi baada ya wiki mbili. Alirudi, kwa sababu Talib alimpigia kila siku kutoka London kumuuliza. Bado anampigia, kila Jumatatu, na akijibiwa "Alhamdulillahi" tu, anamtaka mjukuu ashike simu amsomee tarakimu za presha.